Nani Anaosha Sahani Usiku wa Singapore?

Nimeandika kuhusu usiku wa Singapore mara kumi na moja na sijawahi kuukanyaga mji huo. Ni kazi. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo ilipotushinda nyumbani, nimekuwa nikiandikia tovuti za safari kupitia wakala mmoja wa mtandaoni. Maneno mia nane, jina langu halitokei popote, na malipo huja mwisho wa mwezi, mteja akijisikia. Maagizo huwa yale yale. Anza jua likizama. Taja msikiti, hekalu la Kihindu na hekalu la Kibuddha kwenye barabara moja. Mpeleke msomaji kula. Tumia neno "upatanifu" angalau mara mbili. Maliza na taa za Marina Bay zikimetameta majini.

Ukishaandika kitu kimoja mara kumi na moja unakijua kama fundi anavyojua cherehani yake. Unajua uzi hukatikia wapi. Na kwa sababu lazima nitazame ndipo niandike, nimetazama sana: filamu, vipindi vya mapishi, video za wasee wanaotembea usiku na kamera saa mbili bila kusema neno. Sasa nina maoni. Nitazungumzia kazi tatu: filamu ya Crazy Rich Asians (2018), kipindi cha Singapore katika Street Food: Asia ya Netflix (2019), na filamu ya A Land Imagined (2018). Zote zinatuzungusha mji huo huo usiku. Ni moja tu inayojali watu ambao kazi yao huanza wengine wakishakula.

Tuanze na barabara yenyewe, maana kila mtu huanzia hapo. Inaitwa South Bridge Road na inapita ndani ya Chinatown. Kwa mwendo wa dakika chache unapita msikiti wa Jamae, ulioanzishwa 1826 na Wachulia, yaani Waislamu Watamil waliotoka kusini mwa India. Kisha unafika Sri Mariamman, hekalu la Kihindu kongwe kuliko yote mjini, la 1827, lenye mnara uliojaa sanamu za miungu na wanyama waliopakwa rangi kali. Mbele kidogo kuna hekalu la Jino la Buddha, ambalo ukilitazama utadhani ni la kale, kumbe lilifunguliwa 2007. Vichochoro vya kando vinaitwa Mosque Street, Temple Street na Pagoda Street. Hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda. Mgeni anaona neno "pagoda", anajua yuko mtaa wa Wachina, anajumlisha mambo. Lakini pagoda inayotajwa pale ni ule mnara wa Sri Mariamman. Kichochoro maarufu cha mtaa wa Wachina kimepewa jina na hekalu la Watamil.

Video za usiku huishia hapo. Kamera inaupanda mnara polepole, kengele inalia, kisha tunakatiwa hadi Maxwell, ng'ambo ya barabara, sahani ya wali na kuku ikifuka mvuke. Tunaambiwa tutazame wanavyoishi pamoja. Hakuna anayetuambia kwamba mwaka wa 1822 Raffles, Mwingereza aliyeanzisha koloni pale, aliagiza mji ugawanywe kwa kabila. Wazungu wapewe sehemu yao, Wachina yao, Wachulia yao, na Wabugis na Waarabu wakae karibu na Sultani wa Wamalay, Kampong Glam. Luteni Philip Jackson akaichora ramani. Ramani ilitaka kila mtu akae kwake. Ila riziki haifuati rula, na ndiyo sababu leo unaweza kusimama Chinatown ukasikia adhana.

Msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo marefu hapa. Ripoti ya Profesa Simpson ya 1913 ilipendekeza mji wetu nao utenganishwe kwa rangi, na hadi leo ukitaja Karen, Parklands au Kaloleni unakuwa bado unasoma ramani ya mkoloni. Tofauti ni kwamba Singapore baadaye iliamua kuchanganya watu kwa nguvu ile ile iliyotumiwa kuwatenganisha. Takriban watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali, na tangu 1989 kila jengo lina kiwango chake: Wachina wasizidi hapa, Wamalay wasizidi pale, Wahindi vile vile. Sisemi ni vibaya. Nasema huo upatanifu ninaolipwa kuutaja mara mbili ni sheria, una fomu na una takwimu. Na kwa kuwa sheria haina harufu ya tangawizi, hakuna kamera inayoifuata.

Sasa tuingie kwenye filamu.

Crazy Rich Asians, iliyoongozwa na Jon M. Chu kutoka riwaya ya Kevin Kwan, inaingia Singapore kwa tumbo. Rachel na Nick wanatua uwanja wa ndege, marafiki wanawapokea, na badala ya kwenda kulala wanaenda moja kwa moja Newton Food Centre. Ni usiku. Moshi unapanda kutoka kwa satay, ambayo ni mishkaki tu, ila yenye mchuzi wa karanga. Meza inajaa, muziki umechangamka, na Nick anajigamba kwamba huku muuza chakula wa kibandani anaweza kupata nyota ya Michelin. Hajatia chumvi. Mwaka wa 2016 vibanda viwili vya mahoka vilipewa nyota hiyo, na kimoja kilikuwa kikiuza kuku wa mchuzi wa soya kwa dola mbili hivi za huko.

Nimelirudia onyesho hilo mara nyingi na kila mara njaa imenishika. Kama kipande cha filamu, limeweza. Lakini angalia kazi linayofanya. Watu tunaokaribia kuwaona wakimwaga pesa kama maji wanakalishwa kwanza kwenye viti vya plastiki, wanakula kwa mikono, wanacheka na midomo imejaa. Ukishawaona hivyo unawasamehe kabla hawajakosa. Wanasiasa wetu wanaijua mbinu hii vizuri. Msimu wa kampeni hakuna kibanda cha chapo madondo kinachopona, kila mheshimiwa anataka apigwe picha akiwa na sahani ya plastiki mkononi. Chakula cha mtaani kinamsafisha tajiri.

Halafu tafuta nani hayupo mezani. Lugha ya taifa ya Singapore ni Kimalay, na wimbo wa taifa unaimbwa kwa Kimalay. Kitamil ni lugha rasmi. Lakini ukitazama filamu hii mwanzo hadi mwisho, Wamalay na Wahindi hawana hadithi yao. Walinzi wenye sura ya Kihindi utawaona getini, kwenye jumba la bibi ya Nick, na silaha zao, wakiwatisha wageni kidogo kabla sherehe haijaanza. Hivyo tu. Najua kuna utetezi. Tangu The Joy Luck Club ya 1993, hii ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya studio kubwa ya Hollywood yenye hadithi ya siku hizi kujaza waigizaji wakuu wenye asili ya Asia, na huwezi kudai filamu moja ibebe kila mtu. Sawa. Lakini hii ilichagua kuubeba mji mzima kama pambo. Newton, mahali Mchina, Mmalay na Mtamil wanapika hatua chache kutoka kwa mwenzao, imekuwa pazia la nyuma la mapenzi ya watu wa tabaka moja.

Kipindi cha Street Food kina moyo zaidi. Kinamfuata Aisha Hashim, Mmalay anayeendesha biashara ya familia ya putu piring, vikeki vya unga wa mchele vinavyowekwa sukari ya mnazi katikati, vikapikwa kwa mvuke na kuliwa na nazi iliyokunwa. Aliyekulia Pwani akiona vile ataapa ni mtoto wa kitumbua aliyekataa mafuta. Kinamfuata pia Niven Leong, kijana aliyeshika kibanda cha wali na kuku baada ya baba yake. Hapa hatimaye wapishi wana majina, na mikono yao inaonyeshwa ikifanya kazi kwa ustadi unaotamanisha. Nilipenda.

Shida yangu ni mshono wake. Kila mpishi hupitishwa njia moja: dhiki, machozi, kazi usiku kucha, kisha foleni ya wateja na kinanda taratibu. Mtu na jasho lake, basi. Na Singapore ndiyo mahali ambapo hadithi hiyo haitoshi kabisa. Wauzaji wale hawakutoka barabarani kwa jasho peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwasajili, kisha kuanzia 1971 hadi 1986 ikawajengea vituo vyenye mifereji ya maji, mitaro, umeme na paa, ikawahamishia humo karibu wote. Kuna waliolia kuhamishwa, bila shaka. Lakini mwisho wa siku hoka alipata mahali penye namba na leseni, na leo vituo hivyo vinapita mia moja. Mwaka wa 2020 UNESCO ikautia utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Kwani hilo si tukio la kusisimua? Kwa mtu wa Nairobi ni la kusisimua kuliko nyota ya Michelin. Sisi tunamjua mama anayeuza mayai na smokie akikimbia na jiko la moto kwa sababu ameona gari la kanjo kwenye kona. Mfereji wa maji ungembadilishia maisha kuliko kipaji. Ila kipindi kinampiga picha mpishi na kuuacha mfereji nje ya fremu, na sisi tunaotazama kwa simu tunabaki na somo kwamba aliyefaulu alikaza na aliyekwama hakukaza vya kutosha. Somo hilo tumeshauziwa hapa nyumbani kwa jina la hasla. Halihitaji msaada wa Netflix.

Nisieleweke vibaya, sidai chakula kinadanganya. Chakula hushuhudia vizuri tu, kikiulizwa maswali. Chukua Kampong Glam, ule mtaa Raffles aliowapa Wamalay na Waarabu. Msikiti wa Sultan umesimama pale, na chini ya kuba lake la dhahabu kuna mkanda mweusi unaong'aa taa zikiupiga. Huo mkanda ni matako ya chupa za glasi. Msikiti ulipojengwa upya, Waislamu maskini walichanga chupa ili nao wawe na sehemu yao kwenye jengo, si matajiri peke yao. Ng'ambo ya barabara kuna mkahawa wa Zam Zam, ambao umekuwepo tangu 1908, na wanachouza ni murtabak: unga unaovutwa hadi unakaribia kupasuka, unajazwa nyama ya kusaga, mayai na kitunguu, unakunjwa na kukaangwa juu ya bamba la chuma.

Mombasa tunaita mkate mayai. Wayemeni wanaita mutabbaq. Familia za Kihadhrami, kama Alsagoff na Aljunied, zilitoka Yemen kwa jahazi na meli zikawa na majina makubwa Singapore. Wahadhrami wengine, wa bonde hilo hilo, walishuka Lamu na Mombasa, na wajukuu wao ndio majirani zetu. Sahani moja, bahari moja. Mtu akinionyesha murtabak na asiseme lolote kuhusu nani aliyebeba maarifa hayo, kwa upepo gani, akiacha nani nyumbani, amenionyesha kitafunio. Chakula cha mji wa bandari ni hadithi ya wahamiaji, na swali la haki la kuuliza mbele yake ni hili: wahamiaji wa sasa wako wapi?

Hapo ndipo A Land Imagined inaponiweza.

Filamu hii ya Yeo Siew Hua ilishinda Chui wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Locarno, mwaka wa 2018, na hakuna filamu ya Singapore iliyokuwa imeshinda tuzo hiyo kabla yake. Mpelelezi mmoja asiyepata usingizi, Lok, anamtafuta Wang, mfanyakazi kutoka China aliyepotea. Wang alikuwa akifanya kazi pwani, kwenye eneo ambapo bahari inajazwa mchanga ili nchi iongezeke. Ameumia kazini, pasipoti yake imeshikwa na mwajiri, na yeye pia hapati usingizi, kwa hivyo usiku anakaa saiba akicheza gemu. Rafiki yake ni Ajit, kutoka Bangladesh. Ajit anatoweka kwanza.

Huu pia ni usiku wa Singapore, na una neoni kama zile za video ninazolipwa kuzisifu. Lakini neoni hapa inamulika uso wa mtu aliyechoka. Hakuna anayekuelekeza pa kula. Kuna onyesho ambapo wanaume wa Bangladesh wanaimba na kucheza bwenini usiku, na kamera inakaa nao bila haraka, bila kutueleza utamaduni wao. Wako tu, wanafurahi, kesho kuna kazi. Kwa dakika hizo chache nilihisi mchanganyiko wa watu kuliko kwenye barabara yote ya mahekalu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiniuzia.

Na kuna ule mchanga. Tangu uhuru, nchi imeongezeka karibu robo ya ukubwa wake kwa kumwaga mchanga baharini, na mwingi ulinunuliwa nje. Indonesia ilipiga marufuku kuuza mchanga huko mwaka wa 2007, Kambodia ikafuata 2017. Filamu inakufanya ufikirie kwamba unaweza kukaa ufuoni Singapore ukiwa umekalia, kihalisi, nchi ya mtu mwingine. Mtu wa Makueni aliyeona malori yakiondoka usiku na mto wao hataambiwa mara mbili.

Filamu ina kasoro, nikiri. Katikati, ndoto na ukweli vinachanganyika mpaka nililazimika kurudisha nyuma, na Mindy, mwanamke anayesimamia saiba, ameandikwa kama kivuli cha kuwaliwaza wanaume wenye usiku mrefu. Yeo alistahili kumpa usiku wake mwenyewe. Lakini hata kasoro hiyo ni ya mtu anayejaribu kuona. Ile ya Newton ni ya mtu anayejaribu kutoona.

Mambo haya hayakubaki sinema. Jumapili usiku, tarehe 8 Desemba 2013, basi lilimkanyaga na kumuua mfanyakazi kutoka India huko Little India, mtaa wenye mahekalu na vyakula ambao kila orodha yangu huutaja. Watu wapatao mia tatu walizua ghasia, magari yakachomwa. Baadaye, kwa sheria ya 2015, pombe ikapigwa marufuku hadharani kuanzia saa nne na nusu usiku nchi nzima, na Little India ikawekewa masharti makali zaidi. Mwaka wa 2020 Covid ilipoingia, wengi mno wa walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wa kigeni waliobanana mabwenini. Mabweni hayo yalikuwa na wakaaji zaidi ya 300,000. Singapore iliyoonekana kwenye skrini zetu siku zote ilikuwa imejengwa na watu hao, na ilichukua maradhi ndipo kamera ziwatafute walikolala.

Hii inatugusa moja kwa moja. Si ploti nyingi Nairobi zisizo na mtu aliyeenda Saudi au Qatar, ambaye pasipoti yake imekaa kwenye droo ya mwajiri. Siku moja kijana wa Manila atalipwa kuandika "usiku wa kuvutia wa Doha", na dadako atakuwa ndani ya picha, nje ya fokasi, akifuta meza.

Kuna jambo moja la usiku wa Singapore ambalo natamani filamu nyingi zaidi zingeligusa. Mwezi wa saba wa kalenda ya Wachina, watu huchoma karatasi za sadaka kando ya barabara na kuacha chakula chini kwa ajili ya mizimu wenye njaa, wakiwemo wale waliokufa bila wa kuwakumbuka. Majukwaa ya muziki yanayoitwa getai hufungwa mitaani, na safu ya mbele ya viti huachwa wazi. Hakai mtu. Ni ya wageni wasioonekana. Royston Tan alitengeneza filamu kuhusu waimbaji hao, 881, mwaka wa 2007, nayo inachekesha na kuliza. Mji unaojua kumwekea marehemu asiye na kwao kiti cha mbele una maadili tayari ya kumtazama mgeni aliye hai. Ni kamera zetu ambazo hazijafika huko.

Kwa hivyo, kama una bando ya filamu moja tu wikendi hii, tazama A Land Imagined, usiku, na masikio wazi. Ukibakiwa na chaji, rudi kwa lile onyesho la Newton na utazame nyuma ya Nick na Rachel badala ya kuwatazama wao. Kwenye vituo hivi vya chakula wanaokusanya vyombo mara nyingi ni wazee, watu wa umri wa shosho wako, wakisukuma mkokoteni wa sahani kati ya meza. Tangu Septemba 2021 mteja asiyerudisha sinia yake anaweza kupigwa faini, na mzee bado yupo, anafuta, anapanga viti. Mtafute kwenye fremu. Ukimpata, niandikie.